Mbwa aliyeletwa kutoka ng'ambo asiachiwe mlinzi wa lango

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hutokea hapa Malindi kila msimu wa kaskazi unapokwisha na wageni wenye nyumba za ufuoni wanapofunga milango na kurejea kwao. Mbwa wao huachwa mikononi mwa walinzi na watunza bustani ambao hawakuulizwa kama wanawataka, wala kama wana cha kuwalisha.

Nasema hivi nikiwa nimo ndani ya jambo lenyewe. Tangu Aprili ninaye nyumbani kwangu Muyeye mbwa dume wa rangi ya mchanga, mwenye umri wa miaka saba hivi. Bibi mmoja Mwitaliano aliyekuwa mwajiri wangu alimwokota barabarani huko Puglia, kusini mwa Italia, akamtibu, akamhasi, na alipohamia Casuarina, hapa Malindi, akaja naye. Kwao iko sheria ya mwaka 1991 inayokataza kumuua mbwa wa mitaani aliye mzima, kwa hiyo wanaokamatwa huwekwa katika mabanda ya mji, na wapo wanaozeekea humo. Bibi hakutaka huyu aishie huko. Mwaka huu aliugua, akasafirishwa kwao, na jamaa zake wameniandikia kwamba hatarudi tena na kwamba wao wanaishi ghorofani, hawana pa kumweka mbwa. Ugonjwa si kosa la mtu, wala simlaumu. Hata hivyo, katika karatasi zote alizoniachia, za umeme, za maji, za fundi wa paa la makuti, hapakuwa na hata mstari mmoja unaosema mbwa awe wa nani.

Wapo walioniambia nimrudishe tu Italia. Si rahisi hivyo. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya huruhusu mbwa waingie kutoka huko bila kipimo cha damu kinachothibitisha kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa imeshika. Damu hiyo hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha mnyama husubiri miezi mitatu kabla ya kusafiri. Mbwa wetu alikuwa amepimwa kabla ya kuondoka Italia na pasipoti yake ilionyesha hivyo, kwa hiyo angeweza kusamehewa ule muda wa kusubiri iwapo chanjo isingekatika. Ilikatika. Bibi alikuwa kitandani, mimi nikadhani amekwisha kumwita daktari wa mifugo, na tarehe ikapita kwa majuma sita. Kosa hilo nalibeba mwenyewe. Sasa amechanjwa upya, lakini hata tungeanza safari ya vipimo leo, hakuna mtu wa kumpokea kule atakaposhuka. Makao yake mapya sharti yawe huku huku.

Kuyapata makao hayo ndiko kulikonifunza mengi. Mtu wa kwanza aliyekuja alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, naye alitaka "mbwa wa Mzungu" wa kufunga mnyororo mchana na kumwachia usiku ili awe mkali. Nilimweleza kwamba mbwa aliyelelewa na njaa ya barabarani hulinda sahani yake kuliko anavyolinda lango, na kwamba huyu huingia chini ya kitanda akiona tu mpini wa ufagio umeinuliwa. Hakurudi. Wa pili alitaka kuzalisha watoto auze. Nilipomwambia mbwa amehasiwa aliniangalia kana kwamba nimemuuzia gari lisilo na injini. Wa tatu alikuwa mtu mpole, na nusura nimkabidhi, ila nyumba yake haina ua na iko hatua chache kutoka ufuo wa upande wa Watamu ambako kasa hupanda kutaga mayai. Mbwa huyu ni mchimbaji hodari. Usiku mmoja ungetosha kuharibu kiota kizima.

Wasomaji wenzangu Waislamu wataniuliza nafanya nini na mbwa nyumbani. Swali ni la haki. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua kwamba chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mke wangu hakubali mzaha katika hilo. Mbwa analala nje, chini ya mwarobaini, ana sufuria yake na mfereji wake. Lakini chuoni tulifundishwa pia habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake ili kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Kumweka mbali na mkeka wa kusalia ni jambo moja, kumwacha afe njaa ni jambo jingine.

Atakayemchukua ajue anachokichukua. Mbwa wa kutoka kusini mwa Ulaya anaweza kubeba kwa miaka, bila dalili, maradhi ya leishmania yanayoenezwa na usubi, kwa hiyo nilimwomba daktari ampime, na hana. Kupe wa pwani yetu, hao hawahitaji maelezo. Chini ya ngozi ya shingo ana chipu ya utambulisho yenye namba ya tarakimu 15, ambayo bado imeandikishwa Italia kwa jina la bibi. Akipotea leo Malindi, namba hiyo inampeleka msomaji wake kwa mgonjwa aliye bara jingine. Jamaa zake wamekubali kutia sahihi ili jina libadilishwe, mradi tu nipate jina la kuandika. Jambo jingine ni la lugha. Ukimwambia "kaa" hukutazama tu, lakini ukimwambia "seduto" huketi papo hapo, na watoto wa mtaani kwetu sasa wanamwamuru kwa Kiitaliano safi kuliko changu cha miaka yote ya kazi.

Ombi langu kwa idara ya mifugo ya kaunti ni dogo. Mgeni anapomleta mbwa wake kwa chanjo ya kila mwaka, aandikishe pia mtu wa pili aliyekubali kwa sahihi yake mwenyewe kumpokea mnyama huyo iwapo mgeni ataugua, atakufa au atahama. Nasisitiza aliyekubali, kwa maana mlinzi anayelipwa mshahara hawezi kumkatalia mwajiri wake siku ya safari, na mshahara huo ukikatika, mbwa ndiye wa kwanza kufunguliwa lango aende zake. Wengi wa mbwa hao hawana chanjo baada ya mwaka mmoja, na sote tunajua kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa.

Jumamosi anakuja mtu wa nne, fundi wa mashua kutoka Mayungu mwenye shamba lililozungushiwa ukuta. Nimemwomba aje na watoto wake, wasiwe na fimbo mkononi, na akubali majuma mawili ya majaribio kabla hatujaandikiana lolote.

Mkazi wa Muyeye,
Malindi