Barua ya malalamiko: ziara ya siku moja Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai

Chumbageni,
Tanga.

Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni walimu wa jiografia wa shule za hapa mjini tuliolipia kwenu ziara ya mwezi uliopita ya Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, yaani eneo linalotambuliwa kwa umuhimu wa miamba na volkano zake. Fedha tulichangishana wenyewe, tukalipa zote kabla ya safari kama mlivyotaka. Tunalalamika kwa sababu mlituuzia ratiba isiyotekelezeka.

Ratiba ninayo mezani, ina muhuri wenu. Tukishalala Karatu, saa 3 asubuhi tushuke kreta ya Ngorongoro, saa 6 tuwe Oldupai na makumbusho yake, saa 9 "kutembelea Ol Doinyo Lengai", saa 12 jioni tumerudi Karatu. Ndugu Meneja, aliyepanga haya hakufungua ramani. Kwenda Lengai, ambao ni mlima wa volkano, inabidi urudi hadi Mto wa Mbu, ushike barabara ya vumbi kupitia Engaruka mpaka Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Wanaoupanda huanza usiku wa manane ili jua liwakute juu. Hiyo ni safari inayojitegemea. Jiopaki yenyewe, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2018, imeenea katika wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli; kwa siku moja mtu anachagua kipande. Kutuambia hivyo kabla ya kupokea fedha ilikuwa kazi yenu.

Halafu gari. Mlituletea Coaster. Kreta haishukwi na Coaster, inashukwa na gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne, na sidhani kama kuna dereva wa utalii asiyelijua hilo. Geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, linafunguliwa saa 12 asubuhi; sisi tulifika jua limeshapanda, na hapo ndipo dereva akatoa bahasha ya noti kumpa askari. Askari akamuuliza namba ya malipo, maana pale fedha taslimu haipokelewi. Hakuwa nayo. Akaanza kupiga simu ofisini kwenu, haipokelewi. Tulikaa kwenye viti tukila mayai ya kuchemsha na chapati zilizokauka huku magari ya kampuni nyingine yakitupita, mpaka mmoja wetu alipoamua kushughulikia malipo kwa simu yake mwenyewe. Risiti yake nimeiambatanisha.

Kreta tuliitazama kutoka juu, kwenye kituo cha kutazamia. Oldupai hatukufika. Lengai hatukuuona hata kwa mbali.

Linaloniuma zaidi ni mtaalamu wa miamba, ambaye katika ankara yenu ana mstari wake na bei yake. Kijana ni mchangamfu na hatuna ugomvi naye, lakini alisimama mbele ya walimu wa jiografia akasema kreta ilichimbwa na kimondo. Kimondo tunacho Mbozi, mkoani Songwe, na hata hicho hakikuacha shimo. Ngorongoro ilikuwa volkano kubwa. Ilipotapika na kumwaga magma iliyokuwa chini yake, kilele kilikosa cha kukibeba kikadidimia, yapata miaka milioni mbili na zaidi iliyopita. Alipoulizwa kwa nini lava ya Lengai hutoka nyeusi kisha ikageuka nyeupe, alicheka tu. Ni lava ya kaboneti yenye sodiamu na potasiamu nyingi, ikipata unyevu inabadilika rangi, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa ya namna hiyo. Ndiyo sababu tulitaka kwenda.

Tunadai mturejeshee ada ya kushusha gari kreta, kiingilio cha Oldupai, gharama yote ya sehemu ya Lengai, malipo ya mtaalamu, na fedha aliyotoa mwenzetu getini. Malazi ya Karatu na usafiri wa kutoka Tanga hatuyadai. Tulivipata, na dereva alituendesha vizuri kwenda na kurudi.

Kama mngependa kutupa ziara nyingine badala ya fedha, tutakubali kwa sharti moja: Ngorongoro na Oldupai tu, kwa magari yanayoshuka kreta, malipo ya serikali yakiwa yamekamilika kabla hatujaondoka Tanga, na kuingia getini linapofunguliwa. Lengai iondoeni kwenye ratiba hiyo, na kwenye vipeperushi vyenu vya siku moja pia, kwa sababu nimeviona bado vimebandikwa pale stendi ya Kange.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, tutalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Wako,

Katibu,
kwa niaba ya walimu waliosafiri.

Viambatanisho: nakala ya ratiba, ankara, risiti ya malipo ya getini.