Tarumbeta limefika Tabora lakini noti ya re haitoki. Nilirudishe au nilitengeneze?

Ndugu mshauri, shikamoo. Wasomaji wenzangu, habari za kazi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, nina miaka 41, mama wa watoto watatu. Kanisani kwetu, Moravian, ni mweka hazina wa kikundi cha matarumbeta. Mwenyewe sipulizi. Naimba sauti ya pili na kutunza daftari la michango. Naandika kwa sababu fedha za kikundi zimetoka mkononi mwangu, na Jumamosi ijayo lazima niwe nimeamua jambo ambalo nikishalifanya siwezi kulirudisha nyuma.

Wapulizaji wetu ni tisa na matarumbeta ni sita, kwa hiyo vijana wanapokezana. Kati yao yuko mmoja wa kidato cha tatu ambaye Mungu amempa pumzi na sikio. Kwa kuwa hana tarumbeta la kupeleka nyumbani, huazima kile kipande cha mdomoni peke yake, akakaa nacho jioni barazani anakipuliza kama filimbi ili midomo isisahau kazi. Ukipita kwao baada ya magharibi unamsikia. Mimi nimepita mara nyingi, na kila nikipita nilikuwa najisikia nina deni.

Basi tukakubaliana kununua la saba. Ilituchukua miezi kumi na minne. Shilingi 1,000 kila mtu kila Jumapili, wengine 500, karanga za kukaanga tulizouza baada ya ibada, na mzee wetu mmoja akaleta ndoo ya lita 20 ya asali kutoka Sikonge akasema iuzwe yote, yeye asirudishiwe hata chupa. Tulitaka liwe limefika kabla ya Pasaka. Alfajiri ya siku ile tunakwenda makaburini kabla jua halijachomoza, na matarumbeta ndiyo yanayotangulia kutangaza kwamba Bwana amefufuka. Kijana angepuliza mle kwa mara ya kwanza akiwa na tarumbeta lake mkononi.

Muuzaji yuko Dar es Salaam. Tulielekezwa kwake na ndugu wa mwenzetu, kwamba anauza vyombo vya muziki vilivyotumika. Ujumbe wake ninao wote kwenye simu. Aliandika hivi: "Mama, hili limetumika miaka miwili tu, halina tatizo lolote, na lina begi lake gumu." Bei 450,000. Akatuma picha tatu, halafu akatuma sauti, sekunde kama thelathini, mtu anapanda ngazi nzima kutoka do ya chini hadi do ya juu. Mwalimu wetu alisikiliza mara mbili, akasema sauti ni safi, lipa. Nikalipa yote kwa mkupuo, pamoja na 25,000 ya usafiri. Hapo ndipo nilipokosea na nimekubali kosa langu. Nguo ya mteja siikabidhi kabla hajaijaribu, lakini fedha ya kanisa niliituma kwa mtu nisiyemjua sura.

Basi liliingia stendi saa nne usiku. Mzigo ulitolewa chini ya buti, chini ya magunia. Lilikuwa boksi la biskuti lililofungwa kwa gundi ya karatasi, kona moja imekandamizwa. Begi gumu halikuwemo. Ndani kulikuwa na tarumbeta limeviringishwa kwenye shuka kuukuu, basi.

Nilisubiri mpaka asubuhi nilione kwa mwanga wa jua. Ule mrija unaoanzia mdomoni una madoa mekundu, madogo kama mbegu za ulezi, yamesambaa. Mwalimu alipoyaona alinyamaza. Akanieleza kwamba chombo hiki ni shaba iliyochanganywa na zinki, na kikikaa na mate miaka mingi bila kusafishwa, zinki hutoka taratibu na kubakiza shaba nyekundu iliyodhoofika. Hilo si la kupaka rangi likaisha. Linakula kutokea ndani kuja nje, siku moja mrija unatoboka.

Halafu pistoni. Ziko tatu. Ya kwanza ukiibonyeza inashusha sauti toni nzima, ya pili nusu toni, ya tatu toni moja na nusu. Kwenye hili, ya tatu haishuki kabisa. Silinda yake imebonyea ubavuni, shimo la kutosha ncha ya kidole gumba, na pistoni imebanwa humo. Kijana alipokuja alijaribu hivyo hivyo, hakutaka kusubiri. Do ya chini ikatoka, nzuri kweli. Kwa ile re inayofuata inatakiwa ubonyeze ya kwanza na ya tatu pamoja. Kidole chake cha tatu kikagonga kama kinagonga meza. Akaruka, akapiga mi, fa, sol, zote zipo. Akarudi do, akajaribu re tena. Halafu akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia, taratibu sana, akasema, "Asante mwalimu, asante mama," akaondoka.

Nilimpigia muuzaji siku hiyo hiyo. Sitaki kumsingizia, kwa hiyo naandika alichosema. Alisema kwake lilikuwa zima na ushahidi ni ile sauti aliyotuma, ambayo re inasikika wazi. Ni kweli, inasikika. Alisema limepondwa na magunia kwenye basi, nikawadai watu wa basi. Nilikwenda. Wao wakanionyesha maandishi nyuma ya risiti, kwamba mzigo usiokaguliwa ni dhamana ya mwenyewe. Na ile kona ya boksi ilikuwa imekandamizwa kweli, siwezi kuificha.

Lakini mimi nashinda na vyuma vya cherehani, na jicho langu linajua kutu ya jana na kutu ya zamani. Pale palipobonyea, rangi ya ndani ya shimo imefifia sawa na kwingine kote. Chuma kikibonyezwa jana, mikunjo yake hung'aa. Kile kifuniko cha chini cha silinda hiyo hiyo kimeganda, kimezungukwa na pete ya ukungu wa kijani, mkono haukizungushi. Ukungu ule haujaota kati ya Dar na Tabora. Sasa je, ile sauti ilirekodiwa kwenye tarumbeta hili kweli? Au ni la zamani, kabla halijaanguka? Au ni jingine kabisa? Hapo sijui, na silali kwa sababu sijui. Ya pistoni tunaweza kubishana. Yale madoa mekundu hayabishaniki, basi haliwezi kuyaleta kwa safari moja. Nilipomwambia hivyo alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama, kitu kilichotumika ni kitu kilichotumika." Na begi? Akasema liliharibika, akaona boksi linatosha.

Mtoto wa shangazi yangu anasomea sheria. Alinieleza kwamba chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo, kiwe kipya au cha mtumba. Akasema pia, na hili halikunifurahisha, kwamba kumkabidhi msafirishaji mara nyingi huhesabika kama kumkabidhi mnunuzi, ila muuzaji anapaswa kuusafirisha mzigo kwa namna inayoufaa. Kwa hiyo lile begi gumu lisilokuja lina uzito kuliko nilivyodhani. Na akanionya jambo moja: mnunuzi ana muda wa kawaida wa kukagua na kukataa. Akishaanza kukichezea kitu kama mali yake, amekubali. Nikamwambia tayari nimedondoshea mafuta ya cherehani kwenye ile pistoni usiku mbili mfululizo nikitumaini italegea. Akasema hayo si neno, lakini nisimruhusu mtu kugonga wala kuchomea chochote.

Na hapo ndipo penye mgogoro wangu.

Fundi wa matarumbeta nimemtafuta mji mzima sijampata. Inauma, maana huu ndio mji wa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Wazee wa hapa bado wanazitaja bendi hizo kama mtu anavyotaja watoto wake. Nikaelekezwa kwa wawili. Mmoja ni fundi radieta, alilishika mara moja akasema dakika ishirini, elfu thelathini, na mkono tayari umeshika nyundo. Nililichukua nikatoka. Wa pili ni sonara, mzee mpole. Alilitazama kwa ile lenzi yake muda mrefu. Akasema anaweza kuchonga kijiti cha mpingo chenye mviringo wa ile silinda na kusukuma shimo kutokea ndani kidogo kidogo, siku tatu. Lakini akasema wazi hajawahi kufanya kazi ya chombo cha kupuliza, na mviringo ukikosea kwa unene wa unywele pistoni haitapita. Anataka 60,000. Likiharibika hatalipa. Nilimwamini kwa sababu alisema asichokijua. Yale madoa mekundu hakuna anayeyagusa.

Muuzaji naye ametoa njia mbili. Ya kwanza, anirudishie 150,000 tumalizane, nisimdai tena. Ya pili, nilirudishe Dar kwa gharama yangu, na yeye akishaliona, na akishapata fedha, ndiyo anitumie zangu. Hayo maneno "akishapata fedha" yananitia hofu. Nikilituma nitabaki sina tarumbeta wala shilingi.

Kikundi nimekiambia ukweli wote, nimewasomea na zile meseji. Wamegawanyika. Vijana wanataka sonara ajaribu, Pasaka iko karibu na wanasema re moja isituzuie. Mwalimu anasema tusiguse, tudai fedha yote kwa maandishi hata kama ni kufika Tume ya Ushindani, maana wanashughulikia malalamiko ya watumiaji. Yule mzee wa asali alisema neno moja tu, nimwachie Mungu. Namheshimu, lakini ile asali ilikuwa yake na najua inachukua siku ngapi kuipata msituni. Mume wangu anasema tulipe pengo sisi wenyewe kimyakimya. Siyo fedha ndogo nyumbani kwetu, na naona pia si haki muuzaji asiulizwe.

Naomba mnisaidie kwa mambo haya. Nikipokea ile 150,000 kisha nikampa sonara, nitakuwa nimefanya la busara au nimeuza haki ya kikundi? Je, kuna namna ya kulirudisha Dar mkononi mwa mtu wa tatu, asilikabidhi mpaka fedha ilipwe, na nani mngemwamini kwa kazi hiyo? Na wapulizaji mnaosoma hapa, mrija wenye madoa mekundu kama ulezi unadumu muda gani? Kama ni mwaka mmoja, sonara hana haja ya kujisumbua. Kama ni miaka kumi, nitafikiri upya.

Tarumbeta liko kabatini kwangu, nimelifunga kwa kitambaa cha pamba. Kijana jana alikuja kukiomba kile kipande cha mdomoni. Nilimpa.

Mweka hazina,
Ng'ambo, Tabora