Usiziuze fremu zako

Mpendwa Saida,

Salamu nyingi. Huku wazima, mama anakusalimu sana. Mama Rehema kajifungua mtoto wa kike, nadhani umeshapata habari. Mengine baadaye, kwa sababu Hamisi amenipigia jana usiku kuniambia unazitafutia mnunuzi fremu zako za skrini, zile za kuchapia. Eti skrini ni kazi ya fulana za kampeni, sanaa ni ya wengine. Saida, nani kakwambia hivyo?

Nimekuwa nikisoma habari za Corita Kent, mtawa wa Kikatoliki aliyefundisha sanaa Los Angeles, chuo cha Immaculate Heart. Kazi yake ni hiyohiyo yako: kitambaa kimewambwa kwenye fremu, pasipotakiwa pamezibwa, wino unasukumwa kwa kibao cha mpira, kila rangi na zamu yake. Mwaka 1962 Andy Warhol, msanii wa Marekani, alionyesha mjini humo picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, na Corita akaenda kuziona. Mwaka huohuo akachapa maumbo ya duara ya rangi kali, kama yale ya karatasi ya mkate wa Wonder Bread. Mkate wa dukani, na yeye anawaza mkate wa altareni!

Mwaka 1964 akachukua maneno ya tangazo la nyanya za Del Monte akamsifia nayo Bikira Maria: nyanya yenye majimaji kuliko zote. Wakubwa wa Kanisa hawakupendezwa hata kidogo. Mimi naiona ni sala ya mtu anayemjua Maria kama jirani wa sokoni. Mwaka 1968 aliacha utawa, lakini kuchapa hakuacha.

Halafu wanafunzi wake. Aliwapa karatasi iliyokatwa tundu katikati, akawapeleka supamaketi watazame kupitia hapo. Nami nimekata yangu, nikaenda nayo stendi. Bango la unga likapoteza bei na jina, ikabaki nusu ya herufi nyekundu na kona ya manjano. Nilisimama pale mpaka kondakta akanifokea nipande au nipishe njia. Nikakuwaza wewe, maana unaijua ile nyekundu, umeichanganya kwa mikono yako.

Hata boksi la Brillo, visugulio vya sufuria, ambalo Warhol aliligeuza sanaa mwaka 1964 lilikuwa limebuniwa na James Harvey, mchoraji aliyepata riziki kwa kazi za matangazo. Sasa mpaka uko wapi, kati ya anayechapa kwa oda na msanii? Chapa fulana za watu, ule. Lakini fremu moja iwe ya kwako.

Huyo mnunuzi ni nani? Ameshakupa hela? Ile fremu kubwa ya mninga bado ipo, na kama lazima nyingine ziende, utaniwekea hiyo mpaka nije? Na maboksi ya majani ya chai uliyokuwa unakusanya chini ya kitanda, shangazi hajayachoma? Nipigie ukishasoma, hata kama ni usiku.

Wako,
Tunu