Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tujue Tunachokikuza

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha ziko kwenye taarifa ya mweka hazina, na orodha ya vikao iko kwa katibu. Mimi nitajikita kwenye suala lililochukua muda mwingi wa kamati tendaji mwaka huu, yaani uhakika wa seli tunazozikuza na kupeana katika maabara zetu ili kuunda tishu.

Wengi wenu mnajua lilivyoanza. Maabara moja miongoni mwetu ilipewa na maabara rafiki seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) za uboho wa mfupa, ikazipanda kwenye viunzi vya kolajeni, yaani fremu za protini zinazoshikilia seli, ili zigeuke kuwa gegedu. Hazikugeuka. Mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa na kazi hiyo alibadilisha kiunzi, akabadilisha vichochezi vya ukuaji, akaongeza seli na kuzipunguza, na miezi ikapita. Kwa macho hapakuwa na kasoro. Lishe, yaani kimiminika cha kukuzia seli, ilikuwa angavu, seli zimeshika vizuri chini ya chupa, inkubeta iko kwenye nyuzi 37 na kabonidioksaidi asilimia 5 kama inavyotakiwa. Alichokigundua ni kwamba chupa zilikuwa zinachelewa kujaa. Akazitia seli rangi inayong'arisha DNA, akaziweka chini ya hadubini, na pale panapotakiwa kuwa na giza, nje ya viini, akaona vidoa vidogo vimetapakaa kama vumbi. Ilikuwa DNA ya mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaovamia seli zinazokuzwa.

Nampongeza mwanafunzi huyo, kwanza kwa jicho lake, pili kwa kuleta habari hizi mbele yetu badala ya kuzifukia. Bakteria hawa hawana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini tunayoizoea haiwagusi. Ni wadogo kiasi cha kupenya kichujio cha mikromita 0.22. Hawatii lishe ukungu kama bakteria wengine, bali hukaa kimya wakila chakula cha seli na kuvuruga utendaji wa jeni zake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya asilimia 15 na 35 ya seli za kudumu, yaani zile zinazoendelea kugawanyika bila kikomo, zinazokuzwa maabara zimeambukizwa. Ukishajua hivyo, huwezi tena kusema kwa moyo mweupe kwamba kiunzi chako kimefanya kazi, au kwamba hakikufanya, kama hukupima.

Kamati imeamua kwamba kuanzia mwaka ujao seli hazitatoka maabara moja ya mwanachama kwenda nyingine bila majibu ya kipimo cha mikoplazma cha PCR, kinachonakili DNA mara nyingi ili ionekane hata ikiwa kidogo, na kwa seli za kudumu, bila uthibitisho wa DNA kwamba ni zile zilizoandikwa kwenye kichupa. Hilo la pili halikutokana na wasiwasi mtupu. Seli za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 kwa Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani nchini Marekani, bila yeye kuombwa ridhaa, zilivamia makuzi ya maabara nyingi, na katika miaka ya 1960 mtafiti Stanley Gartler alionyesha kwamba seli kadhaa zilizodhaniwa kuwa za aina tofauti zilikuwa HeLa tupu. Watu walikuwa wameandika makala juu ya tishu ambayo hawakuwa nayo.

Wapo waliolalamika kuhusu gharama, na hoja yao ina uzito kwa maabara ndogo. Ndiyo maana maabara tatu zenye mashine za PCR zimekubali kuwapimia wenzao. Lakini msimamo wangu haujabadilika: kipimo ni rahisi kuliko miezi ya mwanafunzi.

Suala hili linavuka milango ya maabara. Mwaka huu tumepokea barua nyingi kutoka kwa familia za wagonjwa wanaouziwa "tiba ya seli shina" ya kila maradhi. Kamati imeandaa waraka wa kuwajibu, na nawaomba muutumie. Unaeleza yaliyothibitika: upandikizaji wa seli shina za damu; ngozi inayokuzwa kutokana na seli za mgonjwa mwenyewe, njia iliyofunguliwa na Howard Green na James Rheinwald mwaka 1975; tiba ya konea (utando angavu wa mbele ya jicho) iliyoungua, iliyopewa kibali Ulaya mwaka 2015. Unaeleza pia habari ya mtoto wa miaka 7 aliyeugua maradhi ya kurithi ya ngozi kuchubuka, ambaye Michele De Luca na wenzake walimrudishia takriban asilimia 80 ya ngozi yake ya juu, kazi iliyochapishwa mwaka 2017. Binafsi, kila nikiisoma makala ile napata nguvu ya kurudi kazini.

Waraka haufichi upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2017 madaktari waliripoti habari za wanawake 3 katika jimbo la Florida, Marekani, waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kliniki kuwadunga machoni seli zilizotokana na mafuta yao. Na koo za hewa za plastiki zilizopandikizwa kuanzia mwaka 2011 zilishangiliwa kabla ya kupimwa ipasavyo kwa wanyama. Wagonjwa wengi walifariki, na makala zilizozisifu zikafutwa. Familia inayotuandikia inastahili kuyajua yote mawili.

Kikundi chetu cha utafiti wa mishipa ya damu kwenye tishu tunazoziunda kinaendelea na kazi. Tatizo ni lilelile: seli iliyo mbali na kapilari (mshipa mdogo kabisa wa damu) kwa zaidi ya mikromita 200 hivi hukosa oksijeni, kwa hiyo kila tishu nene tunayoiunda hufa kuanzia katikati. Taarifa yao kamili itasomwa mkutanoni, pamoja na majaribio yaliyoshindikana, ambayo nimewaomba wayape muda uleule kama yaliyofanikiwa.

Mwisho, kamati inapendekeza katiba irekebishwe ili mafundi wa maabara wawe wanachama kamili wenye kura. Wao ndio wanaofungua inkubeta asubuhi ya sikukuu kubadilisha lishe na kuangalia kiwango cha naitrojeni kwenye matangi ya kugandishia seli. Rasimu ya kifungu imeambatanishwa. Kura itapigwa siku ya mkutano mkuu, na mwenye pingamizi au nyongeza aipeleke kwa katibu kwa maandishi wiki mbili kabla.

Mwenyekiti