YAH: Gitaa langu mlilolivunja kichwa, kisha mkalipima kwa kilo

Karakana ya Magitaa,
Majengo, Moshi.

Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, na nitajitahidi heshima hiyo ifike hadi mwisho wa barua hii.

Nimepokea majibu ya ofisi yako ya Moshi kuhusu magitaa yangu mawili niliyowapa kama mzigo mpeleke kwa mteja Dar es Salaam, yakarudi yameharibika. Yanasema nitalipwa shilingi 54,000 kwa gitaa la solo, na kwamba gitaa la besi halina madai kwa sababu halikuvunjika. Siyakubali. Fedha hizo sikuzigusa, ziko pale pale kaunta.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Nililipia kibandiko cha mzigo wa kuvunjika. Nilijaza thamani ya magitaa yote mawili kwenye fomu yenu, shilingi 3,400,000, na karani akagonga muhuri nikiwa nimesimama mbele yake. Juu ya kila sanduku niliandika kwa wino mwekundu: LISIFUNGULIWE BILA MWENYEWE. Masanduku yalifunguliwa. Yalifunguliwa na nani, na wapi kati ya Moshi na Dar es Salaam, mpaka leo hakuna aliyenijibu.

Sasa sikiliza yaliyonikuta kaunta. Mteja wangu wa Dar alikataa kupokea vitu vilivyoharibika, na ana haki. Mzigo ukarudishwa, nikapigiwa simu nikauchukue. Nilifika saa nne asubuhi. Msimamizi wenu alifungua sanduku, akalishika gitaa shingoni, akaliinua juu. Kichwa kilikuwa kimekatika pale kinapoungana na shingo, kinaning'inia kwa nyuzi zake sita. Hakusema pole. Alilibeba hadi kwenye mizani ya mizigo, ile mnayopimia magunia ya maharage, akaliachia juu ya bamba la chuma. Akasoma, "Kilo nne na nusu." Akapiga hesabu kwenye simu yake: kilo moja elfu kumi na mbili. "Mzee, yako ni hamsini na nne. Weka saini hapa."

Barua yenu inadai gitaa lilikuwa na "udhaifu wa asili". Aliyeandika maneno hayo ningependa kukutana naye. Magitaa yale mawili niliyatengeneza kwa mtindo wa 1957. La solo lina mwili na shingo ya mkangazi na uso wa mpingo wa kubonyezea nyuzi kwa vidole. Kichwa chake kimelazwa nyuma digrii 17, kama walivyofanya Gibson, watengeneza magitaa wa Marekani, enzi hizo, ili nyuzi zikae sawasawa kwenye daraja dogo la juu. Ndiyo, pale shingoni ni pembamba na nyuzinyuzi za mbao zimekatwa mshazari. Kila fundi wa magitaa duniani analijua hilo, na Gibson wenyewe walikipunguza kichwa hadi digrii 14 katikati ya miaka ya 1960. Ndiyo maana nililegeza nyuzi. Ndiyo maana nilichonga kizibo cha sponji na kitambaa chini ya kichwa, ili sanduku likianguka kwa mgongo kichwa kisirushwe nyuma kwa uzito wa funguo zake za kukazia nyuzi. Kizibo hicho hakikurudi na gitaa. Aliyefungua sanduku alikitoa, akalirudisha gitaa likielea, kisha sanduku likaangushwa. Kona yake ya chini imebonyea, picha nimeambatanisha. Msiniite mimi fundi mbovu kwa kazi ya mikono yenu.

Na hilo la besi mnalosema halina madai, je, kuna aliyeliangalia? Mimi hupaka laka ya nitroselulosi, tabaka jembamba juu ya jembamba, nasugua, nasubiri wiki kadhaa ikauke hadi ndani. Laka hiyo haipatani na plastiki laini, ikikaa nayo kwenye joto inalainika na kushikana. Mimi nilikuwa nimelifunga kwa kitambaa cha pamba. Limerudi limeviringishwa nailoni, na nailoni ilipobanduliwa iliondoka na rangi. Mgongo mzima una mabaka, na upande wa mbele, karibu na pikapu ile ya vipande viwili, yaani kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, kuna alama ya mikunjo ya nailoni iliyozama kwenye laka. Hapo hakuna kiraka kitakachoshika. Ni kukwangua mpaka kwenye mbao na kuanza upya.

Mimi ninadai haya: bei kamili ya gitaa la solo, shilingi 1,900,000, gharama ya kupaka upya la besi, shilingi 450,000, na nauli ya mzigo niliyolipa. Ndani ya siku 14.

Nilidhani ningeishia hapo. Lakini kuna jambo la kaunta ambalo sikulimaliza, na bila hilo hutaelewa kwa nini barua hii haikuja kwa simu.

Siku ile nilikuwa na mwanafunzi wangu, binti wa miaka 19. Pikapu za gitaa lile la solo alizisuka yeye, za kwanza maishani mwake. Kila moja ina koili mbili, zimegeuziana ili kuzima mvumo wa umeme, na kila koili ina mizunguko karibu 5,000 ya waya wa shaba namba 42, mwembamba kama unywele. Ukivuta kidogo tu zaidi ya inavyotakiwa, umekatika na unaanza upya. Alikata koili saba kabla ya kuipata ya kwanza. Alikuja nami kwa sababu alitaka kujua kama koili zake zimepona.

Basi msimamizi wenu alipoliachia gitaa juu ya mizani, halikutua kimya. Nyuzi zile zilizolegea zilikwaruza, kichwa kikagonga chuma, na kipande cha mpingo kikaruka kikaangukia chini ya meza. Binti aliinama kukitafuta. Watu kwenye foleni walikuwa wanatazama. Nilimwambia msimamizi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba chombo hiki hakiuzwi kwa kilo. Akanijibu, na nayakumbuka maneno yake moja moja: "Si ulilipia kwa kilo? Basi na wewe unalipwa kwa kilo. Kwani ni nini, si mbao tu hii na gundi? Si wewe ndiye fundi, kaunge." Watu wawili watatu wakacheka. Binti akasimama na kile kipande mkononi, akakiweka mfukoni, akatoka nje. Hakuuliza tena habari za koili.

Ni mbao, ndiyo. Mkangazi ule niliununua ukiwa mbichi, ukakaa miaka mitatu kwenye dari ya karakana kabla sijaugusa. Mpingo ule, ukiutupa majini unazama.

Kwa hiyo madai yangu yameongezeka, na sioni haya kusema hivyo. Pamoja na fedha nilizotaja, mtamlipa mteja wangu hasara ya kukodi magitaa mawili kwa harusi mbili alizokwisha kuchukua malipo ya awali. Risiti zake zimo humu. Na msimamizi yule atakuja karakana kwangu, Majengo, mwenyewe kwa miguu yake, amwombe radhi binti yule. Kwangu mimi asijisumbue.

Hapo juu niliandika siku 14. Nimesoma tena barua yenu kabla ya kufunga bahasha, nikafika kwenye maneno "udhaifu wa asili", na sasa nasema siku 7. Siku ya nane asubuhi malalamiko haya yatakuwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliowapa leseni ya kusafirisha vifurushi, yakiwa na fomu yenu yenye muhuri na picha 22. Baada ya hapo nitafungua madai mahakamani, na gitaa nitaingia nalo hivyo hivyo, kichwa kikining'inia. Bendi ninazozitengenezea vyombo, Moshi, Arusha na Dar, huwa zinaniuliza zitume vyombo vyao kwa gari gani. Mpaka sasa sijawajibu.

Magitaa yote mawili yako karakana, hayajaguswa tangu siku ile. Mkitaka kuyakagua njooni siku ya kazi kati ya saa tatu na saa kumi, na mje na kizibo changu cha sponji.

Wenu,

Fundi wa magitaa,
Majengo, Moshi.

Viambatanisho: nakala ya fomu ya mzigo, stakabadhi ya malipo, picha 22, risiti za mteja.