Boti ikiahirishwa Mafia: tunavyoamua, na unachoweza kuona upepo ukichafuka

Msimu wa upepo wa kusi ukikaribia, ujumbe unaoingia kwenye simu ya ofisi yetu ya safari za boti hapa Utende, upande wa mashariki wa kisiwa, huwa na swali lile lile: "Nimeshakata tiketi, nina siku mbili tu, na utabiri unasema mvua. Nije au nisahau?" Huwa tunajibu: njoo. Lakini tunaomba tuzungumze kuhusu hizo siku mbili kwanza, maana zenyewe ndizo zinazotutia wasiwasi kuliko mvua.

Wageni wengi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi huichukulia mvua kama ndiyo hali mbaya ya hewa. Kwa safari za Mafia, mvua peke yake mara nyingi haizuii chochote. Ukishazama na miwani yako usoni, umelowa tayari, na samaki hawajui kama juu kunanyesha. Kinachotufunga nanga ni upepo, mawimbi na radi. Radi haina mjadala: ikianza kupiga, hakuna anayebaki majini. Kuna na jambo la nne ambalo wageni hawalitarajii, nalo ni rangi ya maji. Upande wa magharibi wa kisiwa, ng'ambo ya mkondo wa bahari unaotutenga na bara, uko mlango wa mto Rufiji. Mvua ikinyesha sana bara, mto hushusha udongo baharini na maji ya upande huo hugeuka kahawia hata kama Mafia kwenyewe jua linawaka. Siku kama hiyo boti inaweza kwenda na kurudi salama kabisa, nawe usione mbali zaidi ya urefu wa mkono wako. Tunapendelea kukuambia hivyo kabla hujalipa.

Mwaka wetu huku unakwenda kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi mpaka Februari au Machi. Hapo upande wa magharibi, uliko mji wa Kilindoni, hukingwa na kisiwa chenyewe na bahari hutulia. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na mvua zake ni nzito. Hoteli kadhaa za Utende hufunga milango Aprili na Mei. Kisha huingia kusi, kali zaidi Juni hadi Agosti, pamoja na zile mvua fupi za mchoo zinazokuja na kupita. Katikati ya kaskazi na kusi kuna vipindi vya tanga mbili, upepo unapokuwa haujaamua uvume kutoka wapi, na hizo huwa siku tamu sana za kupiga mbizi. Kisiwa hiki kina urefu wa takribani kilomita 50, na uzuri wake kwa msafiri ni kwamba kina pande mbili zisizofanana. Mkondo wa upande wa Kilindoni ukichafuka, ghuba ya Chole upande wa Utende mara nyingi bado inaruhusu safari fupi, kwa sababu visiwa vya Juani, Chole na Jibondo pamoja na miamba yake huvunja nguvu ya bahari kuu. Nusu ya kazi yetu ni kujua leo twende upande gani.

Uamuzi wenyewe hufanyika hivi. Jioni tunasoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, tukitazama sehemu ya Mkoa wa Pwani na kisiwa cha Mafia. Taarifa zao zina ngazi tatu za onyo: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Wakitangaza upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, safari za nje ya ghuba hatuziweki kabisa. Chini ya hapo, nahodha hushuka ufukweni alfajiri akaitazame bahari yeye mwenyewe. Upepo wa kusi mara nyingi huwa mpole asubuhi na kupanda nguvu kadiri jua linavyopanda, ndiyo maana tunakuomba uwe tayari mapema hata kama uko likizo. Halafu kuna hesabu ya maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3, na maji yote hayo ya ghuba hutoka na kuingia kupitia milango michache, mkubwa wao ukiwa Kinasi. Maji yakiwa yanatoka kwa kasi huku upepo na mawimbi ya bahari kuu vikiingia, mawimbi husimama mlangoni hapo kama ukuta. Saa chache baadaye, maji yakibadilika, mahali hapo hapo panaweza kupitika vizuri. Kwa hiyo tukikwambia "si sasa, labda saa nane", tumeshapiga hesabu hiyo.

Neno la nahodha ndilo la mwisho. Mwenye ofisi hana ruhusa ya kulibadilisha, wala mgeni, hata aongeze pesa. Tunajua inauma umetoka mbali, watoto wamejiandaa, na ukitazama kutoka ufukweni unaona bahari imetulia. Ufukwe wa Utende uko ndani ya ghuba. Kilichoko nje ya mwamba hukioni kutoka pale. Ukiona chombo kingine kimetoka siku ambayo sisi tumekataa, usitulinganishe kwa hilo. Huenda ni wavuvi waliozaliwa na mkondo huo, wanaoelekea mahali tofauti, na hawajabeba mtu asiyejua kuogelea.

Kuhusu vimbunga, swali hili limeongezeka tangu kimbunga Hidaya. Pwani yetu iko karibu na ikweta, na vimbunga vya kitropiki huifikia kwa nadra sana, lakini nadra si kamwe. Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya kilifika hapa hapa Mafia tarehe 4. Mamlaka ilikuwa imeshatoa onyo mapema, vyombo vikazuiwa kusafiri, na bara mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Onyo la aina hiyo likitoka, sisi hatusubiri lifike. Tunafunga safari zote, tunavuta boti juu, na tunawapigia simu wageni ambao bado hawajaondoka makwao wasije. Fedha zao tunazirudisha.

Sasa potwe, yule papa aliye mkubwa kuliko samaki wote, kwa sababu ndiye anayewaleta wengi. Papa potwe huonekana kwa urahisi upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, anapokuja juu karibu na ufukwe kula. Watafiti waliowawekea vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi wao hawahami Mafia msimu ukiisha. Husogea mbali kidogo na pwani na kukaa chini zaidi, ndiyo maana huwaoni. Kwa hiyo ukija Julai usitarajie potwe, na mtu akikuahidi atakuonyesha mwezi huo, muulize vizuri. Hata ndani ya msimu, siku moja ya upepo inatosha kukukosesha. Kama potwe ndiye sababu ya safari yako, weka siku tatu au nne. Ukimwona siku ya kwanza, hizo nyingine hutazijutia, kama utakavyoona hapa chini.

Siku ya upepo ndiyo siku ya Chole. Ni kivuko kifupi kutoka Utende, ndani ya ghuba, na wenyeji hukivuka kila siku. Karibu na pale unaposhukia yapo magofu ya mji uliokuwa makao ya utawala kabla Wajerumani hawajayahamishia Kilindoni: kuta zilizokumbatiwa na mizizi ya mitimkuu mpaka hujui jiwe linaishia wapi. Mbele kidogo kuna miti mikubwa wanakolala popo wakubwa walao matunda. Ndugu zao wako Komoro, bara huwakuti. Mawingu yakitanda hujifunika mabawa wakaning'inia kimya, na jioni huruka kwa makundi kuvuka maji kwenda kutafuta matunda kisiwa kikubwa. Ukipenda picha, siku ya mawingu mwanga wake unafaa kuliko jua kali la saa sita.

Lakini kitu cha Chole tunachokithamini kuliko vyote ni mafundi wa vyombo vya baharini. Hawana mchoro wa karatasi. Mkuku, ndio uti wa mgongo wa chombo, hulazwa chini, mataruma, yaani mbavu zake, hutafutwa kwenye miti iliyopinda yenyewe ili yaende na umbo la chombo, kisha mbao hufuata moja baada ya nyingine kwa tezo, msumeno na keekee. Nyufa huzibwa kwa pamba yenye mafuta. Huko ndiko kukalafati. Jahazi moja linaweza kuchukua miezi mingi, na mvua ikianza mafundi husogea chini ya banda la makuti na kuendelea na vipande vidogo. Hapo ndipo wana nafasi ya kuzungumza nawe. Siku ya jua kila mtu ana haraka. Uliza kabla ya kupiga picha, na ukikaa muda mrefu ukawatoa kazini, acha chochote cha chai.

Upepo ukiruhusu kuvuka kwenda Juani, maji yakiwa yamejaa, tunakupeleka Kua. Mji huu ulikuwa na misikiti, majumba ya mawe na jumba la watawala, mpaka Wasakalava kutoka Madagaska walipoushambulia mwanzoni mwa karne ya 19 na ukabaki ukiwa. Wazee hapa husimulia kisa cha uhasama kati ya Kua na Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia ambao sehemu yake imeshaliwa na bahari. Kisa hicho kina wageni wa arusi waliokaribishwa ndani ya chumba, kisha mlango ukajengewa ukuta. Kila msimulizi ana namna yake, na hatutakiharibu hapa kwa kukifupisha. Kisikilize pale pale, chini ya magofu, kutoka kwa mwenyeji wa Juani.

Kusi nayo ina zawadi yake ambayo kaskazi haina. Kasa wa kijani hutaga mayai kwenye fukwe za Juani zinazotazama bahari kuu, na makinda mengi huanguliwa kati ya Juni na Septemba, katikati ya upepo wote huo. Viota hulindwa na wanavijiji wakishirikiana na shirika la Sea Sense, nao ndio hutujulisha siku inayotarajiwa. Tunavuka kwa boti ndani ya ghuba, kisha tunakata kisiwa kwa miguu kupitia vichaka, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga. Makinda yakitoka hatuyashiki wala hatuyamuliki kwa taa.

Ikiwa hata kuvuka kwenda Chole hakuwezekani, kutoka Utende hadi Kilindoni ni takribani kilomita 15 za lami. Soko la Kilindoni lina uhai mvua inaponyesha, na akina mama wanaosuka mikeka ya ukili hukaa barazani wakifanya kazi. Mikeka ya Mafia ina sifa pwani nzima. Kuinunua kwa aliyeisuka ni bora kuliko kuinunua dukani Dar es Salaam. Safari ya kaskazini, Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, tunaiweka siku kavu tu. Sehemu za udongo zikilowa, gari hukwama na siku yako inaishia kusukuma.

Kwa upande wa fedha, utaratibu wetu hauna maneno madogo yaliyofichwa. Nahodha akiahirisha, unachagua: safari ihamie siku nyingine ya ukaaji wako, uibadilishe kwa safari ya Chole au ya nchi kavu na tukurudishie tofauti, au uchukue fedha zako zote. Safari ikikatizwa njiani kwa sababu ya hewa, tunarudisha nusu, kwa kuwa mafuta yameshachomwa. Ada ya kuingia Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza nchini, haiko mikononi mwetu. Hiyo ni ya serikali, hulipwa kwa siku unazokaa ndani ya hifadhi, na Utende iko ndani yake, uende baharini usiende. Raia wa Tanzania hulipa kidogo, lakini njoo na kitambulisho.

La mwisho ni safari ya kurudi, na hapa ndipo tumeona wageni wakiumia zaidi. Ndege za kuja Mafia ni ndogo. Safari ni ya nusu saa na ushei kutoka Dar es Salaam, lakini wingu zito likishuka husubiri. Kivuko na boti za Nyamisati, bandari ya upande wa bara, hufuata maji na hufuata onyo la Mamlaka. Usiweke kikao cha kazi asubuhi ya siku unayotoka kisiwani, na kama una ndege ya kimataifa, lala Dar es Salaam usiku mmoja kabla yake. Begi lako liwe na koti jepesi la mvua, mfuko wa kuzuia maji kwa ajili ya simu, dawa zako za siku mbili za ziada, na kipande cha tangawizi kama tumbo lako halielewani na mawimbi.

Unapotuandikia kuomba nafasi, tutajie tarehe, idadi ya watu, umri wa watoto, nani anajua kuogelea na nani hajui, na unatoka kisiwani kwa ndege au kwa boti. Tutatazama pepo za mwezi huo na kalenda ya maji, kisha tutakutumia mpango wenye safari mbili kwa kila siku: ile tunayoitaka, na itakayoshika nafasi yake nahodha akisema hapana.