Mnara wa kuokolea wanaanga hautoshi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu roketi za kubeba watu ilieleza kwamba usalama wa wanaanga umo kwenye mnara wa kuokolea, ile roketi ndogo ya kileleni inayochomoa chumba chao mambo yakiharibika. Hiyo ni nusu tu ya habari. Mnara ni nguvu. Kazi ngumu ni kuamua uwashwe lini.

Mlipuko haumsubiri mtu abonyeze kitufe. Ndiyo maana Saturn V, roketi ya Marekani iliyopeleka watu Mwezini, ilipitishiwa nyaya tatu mwilini: mbili zikikatika, ishara kwamba roketi inavunjika, amri ya kuokoa ilitoka yenyewe. Haikutosha mmoja ukatike, kwa kuwa waya mmoja huweza kuharibika kwa kasoro ndogo, na kumfyatua mwanaanga bila sababu nako ni hatari. Tarehe 21 Novemba 1960, huko Cape Canaveral, plagi mbili za chini ya roketi ya Mercury-Redstone zilichomoka bila kufuata mpangilio. Injini ilizima roketi ikiwa imeinuka kama sentimita 10 tu, mnara ukaruka peke yake na kukiacha chumba palepale. Bahati njema hakukuwa na mtu ndani.

Nyaya nazo zapita wapi? Baikonur, kituo cha kurushia roketi za Kisovieti, 26 Septemba 1983, moto uliziunguza nyaya za mfumo wa kuokoa kabla hazijafikisha ishara. Wanaanga Titov na Strekalov waliponea njia ya pili, amri ya redio kutoka kwa waongozaji, roketi ikiwa tayari inawaka chini yao.

Mchoro wenu umekosea pia kuonyesha mnara ukifika hadi obiti. Soyuz, roketi ya Kirusi ya kubeba watu, huutupa chini ya dakika mbili baada ya kuruka, ili kupunguza uzito. Safari ya Soyuz MS-10, 11 Oktoba 2018, iliharibika sekunde chache baada ya hapo. Wanaanga wake, Ovchinin na Hague, waliokolewa na injini ndogo zilizofungwa kwenye ganda linalofunika chombo. Na chanzo hakikuwa injini kuu. Kijiti cha kihisi kilipindwa kwa pembe isiyofika digrii 7 wakati wa kuunganisha roketi, kifuniko cha tundu la kutolea oksijeni ya kusukumia kikagoma kufunguka, kwa hiyo roketi moja kati ya nne za ubavuni haikusukumwa mbali. Ikagonga tangi la katikati.

Msomaji wenu,
Morogoro